KUSIMAMA SI KUEGESHA

Wahenga walisema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Katika makala hii nataka kusema ukweli, ingawa ukweli wenyewe utamuudhi mjomba wangu, na pengine utamuudhi pia askari mmoja wa trafiki ambaye jina lake silijui. Ndugu msomaji, keti kitako nikupe kisa, kisha tupime pamoja ni nani aliyekuwa na haki.

Ilikuwa likizo ya Agosti, siku ya Ijumaa, mwendo wa saa kumi na moja jioni. Mjomba wangu ana pikapu ambayo humpatia riziki yake kwa kubeba mboga na matunda kutoka sokoni hadi madukani. Siku hiyo nilikuwa nimemsaidia kupakia na kupakua tangu alfajiri, na sasa tulikuwa tukirejea nyumbani kwa Barabara ya Jogoo. Mkazi yeyote wa Nairobi hahitaji kuambiwa hali ya barabara hiyo saa kama hizo. Magari yalikuwa yamesimama foleni ambayo mwanzo wake hauonekani wala mwisho wake. Matatu zilikuwa zikipanda kando ya njia, bodaboda zikijipenyeza katikati, na wachuuzi wakipita dirisha hadi dirisha na maji, ndizi, njugu na waya za kuchajia simu.

Kiu ilikuwa imenibana. "Mjomba, maji," nikasema. Mjomba si mtu mchoyo. Alimwita kijana mmoja mchuuzi, akachukua chupa ya maji na ndizi, jumla shilingi 80. Mfukoni alikuwa na noti za elfu moja moja za mauzo ya siku hiyo, na yule kijana hakuwa na chenji. Basi mjomba akatoa simu, akainamisha kichwa, akaanza kubofya namba ya mchuuzi ili amlipe kwa M-Pesa.

Kabla hajamaliza, dirisha likagongwa: ko! ko! ko!

"Habari yako, dere. Unatumia simu ukiendesha gari."

"Afande, gari limesimama! Hata wewe unaona. Hakuna gari hata moja linalosonga hapa."

"Limesimama? Na injini hiyo inanguruma ya nini? Hebu leta leseni."

Walibishana. Mjomba alisema kwamba hakuwa akiongea na mtu, alikuwa akilipia maji tu. Askari akasema simu ni simu. Mjomba akauliza ni sheria gani hiyo inayokataza mtu kushika simu gari likiwa halisongi. Askari akamjibu kwamba sheria atasomewa mahakamani Jumatatu, labda kama "tutaelewana hapa hapa". Baada ya dakika kumi tuliachiliwa. Noti moja ya elfu moja ilikuwa imebadilisha mikono. Risiti hatukupewa wala hatukuiomba. Maji na ndizi za shilingi 80 ziligharimu shilingi 1,080, na mjomba hakusema neno hadi tulipofika nyumbani.

Shule zilipofunguliwa nilikisimulia kisa hiki katika kikao cha chama chetu cha Kiswahili. Wanachama walichemka kama maji ya ugali. Karibu wote walisema kwamba mjomba wangu alidhulumiwa. Mmoja alisimama akanena, "Gari likisimama si gari tena, ni chumba! Mtu hawezi kushtakiwa kwa kupiga simu chumbani kwake." Tulicheka na kupiga makofi. Mlezi wa chama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia: kabla ya kubishana juu ya sheria, itafuteni sheria yenyewe muisome. Penye wazee hapaharibiki neno. Tukaitafuta.

Yale tuliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nchini Kenya kuna Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka wa 2016, zilizotungwa chini ya Sheria ya Trafiki. Kanuni hizi zina orodha ya makosa, na kila kosa limeandikiwa faini yake. Mtu asiyefunga mkanda gari likiwa mwendoni hutozwa shilingi 500. Dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa mwendoni hutozwa shilingi 2,000. Dereva akikubali kosa hulipa faini iliyoandikwa, na akikana huenda kujitetea mbele ya hakimu.

Msomaji, umeyaona maneno hayo? "Gari likiwa mwendoni." Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza, na hiyo ni tafsiri yangu, lakini maana ndiyo hiyo. Kwa hiyo mjomba hakuwa mjinga. Swali alilomuuliza askari lilikuwa swali la haki kabisa: je, gari lililosimama kwenye msongamano liko mwendoni au haliko?

Hapa ndipo sisi wapenzi wa lugha tunapoingia. Mtu aliyeondoka Nairobi kwenda Kisumu, akasimama Nakuru kunywa chai, ukimpigia simu na kumwuliza uko wapi, atakujibu, "Niko safarini." Hatasema kwamba safari imekwisha kwa sababu ameshika kikombe. Kwa upande mwingine, ukimtazama pale alipoketi hutasema kwamba anakwenda. Basi mtu mmoja, kwa wakati mmoja, yuko safarini na wala haendi! Wakili mwerevu anaweza kulivuta neno "mwendoni" upande autakao, na askari mwenye njaa anaweza kulivuta upande wa mfuko wake.

Lakini Kiswahili chetu ni kipana. Kina neno kwenda, kina neno kusimama, na kina neno kuegesha. Dereva anayeegesha huondoka njiani, huzima injini, huvuta breki ya mkono, na akitaka hushuka akaenda zake. Dereva aliyesimama kwenye msongamano hajafanya hata moja katika hayo. Mguu wake uko kwenye breki, injini inanguruma, na macho yake yanangoja gari la mbele lisogee naye asogee. Amesimama, ndiyo, lakini hajaegesha. Bado anaendesha.

Wala si sisi tu tunaobishana juu ya jambo hili. Mataifa yaliyotutangulia kuwa na magari mengi yamelitolea uamuzi, na si wote waliokubaliana.

Uingereza ilipiga marufuku kushika simu ukiendesha tangu Desemba mwaka wa 2003. Marufuku hayo yanamhusu hata dereva aliyesimama kwenye taa nyekundu au kwenye foleni ya magari. Mwaka wa 2017 adhabu iliongezwa ikawa pauni 200 na alama 6 za makosa kwenye leseni. Kijana aliyepata leseni chini ya miaka miwili iliyopita akipata alama hizo 6, leseni yake hufutwa. Mwaka wa 2022 sheria ilikazwa tena, kwa sababu madereva walikuwa wakijitetea kwamba hawakupiga simu, walikuwa wakipiga picha tu au wakitafuta wimbo. Sasa kuishika simu na kuitumia kwa jambo lolote ni kosa.

Wapenzi wa kandanda watamkumbuka David Beckham, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza. Mnamo Novemba mwaka wa 2018 alionekana na mpita njia akiwa ameshika simu ndani ya gari lake jijini London, magari yakienda pole pole. Alikubali kosa. Mei mwaka wa 2019 mahakama ilimpiga faini ya pauni 750 na kumpokonya haki ya kuendesha gari kwa miezi sita, maana tayari alikuwa na alama nyingine kwenye leseni. Polepole ile haikumwokoa, na umaarufu haukumwokoa.

Nchini Ufaransa mambo ni makali zaidi. Dereva mmoja alisimamisha gari lake njiani, akawasha taa za hatari, akaanza kuongea na simu. Alipotozwa faini alikata rufani mpaka mahakama ya juu kabisa ya kesi za aina hiyo. Januari mwaka wa 2018 majaji waliamua kwamba gari lililosimama kwa muda kwenye njia ya magari, bila ya kulazimishwa na jambo kama kuharibika, lahesabiwa kuwa bado limo katika msafara wa barabara. Akashindwa.

Ujerumani nayo imechagua njia nyingine. Huko dereva aliyesimama anaruhusiwa kushika simu, lakini kwa sharti: injini iwe imezimwa kabisa, na izimwe na dereva mwenyewe. Magari ya siku hizi ambayo hujizima yenyewe kwenye taa nyekundu na kujiwasha tena hayahesabiwi, na sheria ilisema hivyo wazi mwaka wa 2017. Anayevunja sharti hilo hulipa euro 100 na kupata alama moja.

Nawauliza wanachama wenzangu: nchi hizi tatu zina jambo gani la pamoja? Si ukali, maana Ujerumani ni mpole kuliko Ufaransa. La pamoja ni kwamba dereva wa kila nchi anaweza kujua mapema. Mjerumani anajua: zima injini kwanza. Mwingereza anajua: egesha kwanza. Mkenya je? Mkenya hungoja kugongewa dirisha ndipo afundishwe sheria, na mwalimu wake ndiye yule yule anayepokea karo.

Mpaka hapa utadhani kwamba namtetea mjomba. Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema siku ile kwenye kikao cha chama.

Askari alipogonga dirisha, mjomba alishtuka. Kichwa chake kilikuwa kwenye simu, na mguu wake ukateleza kwenye breki. Pale barabarani pana mteremko mdogo. Pikapu ikasonga mbele, na yule kijana mchuuzi, ambaye alikuwa amekwisha kuzunguka mbele ya gari akiwa na ndoo yake ya maji akingoja pesa ziingie, akaruka kando kama swara. Ndoo ilianguka. Chupa zikatawanyika chini ya magurudumu. Mjomba alikanyaga breki, pikapu ikasimama, na nafasi iliyobaki kati ya bampa yetu na lori la mbele haikuzidi hatua moja. Ndipo aliposimama yule kijana hapo awali.

Hakuumia. Aliokota chupa zake huku akitutazama kwa macho ambayo sijayasahau. Sikulisema jambo hili kwa wenzangu kwa sababu lingeharibu utamu wa kisa. Nilitaka wamcheke askari. Lakini usiku bwenini, taa zikizimwa, simkumbuki askari. Namkumbuka yule kijana, ambaye kwa kumtazama hakunizidi miaka mitatu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia pole pole, hupita karibu mita 3 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde 5 tu, gari limekwenda mita 14, yaani urefu wa magari madogo matatu. Na msongamano wetu wa Nairobi ndivyo ulivyo: hausimami moja kwa moja, bali husimama na kusogea, husimama na kusogea. Hatua tatu mbele, breki. Hatua tano, breki. Anayesema kwamba atatazama simu wakati wa kusimama tu hujikuta bado anaitazama wakati wa kusogea.

Aidha, akili haifuati macho upesi tunavyodhani. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, katika kazi waliyoifanyia wakfu wa usalama barabarani wa AAA, waliwapima madereva waliokuwa wakiviamrisha vyombo vya gari na simu kwa sauti. Waligundua kwamba hata baada ya dereva kumaliza, akili yake inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kuirudia barabara kikamilifu. Sekunde 27! Taa ya kijani imekwisha kuwaka, magari yameondoka, mtoto amekwisha kuvuka, na dereva, ingawa macho yake yanatazama mbele, bado fikira zake ziko kwenye ujumbe aliousoma. Shirika la Afya Duniani nalo husema kwamba dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne kuliko yule asiyeitumia.

Na katika nchi yetu, ni nani anayegongwa? Mwaka wa 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, na walio wengi kuliko kundi lingine lolote walikuwa watu wanaotembea kwa miguu. Msongamano wa Berlin au London una magari. Msongamano wetu una magari, na kati ya magari una mchuuzi wa njugu, mtoto wa shule anayevuka, mzee wa mkokoteni, mwendeshaji bodaboda na abiria wake, na makanga anayening'inia mlangoni. Sehemu ambayo dereva hudhani kwamba ni salama kwa kuwa magari yamesimama, ndiyo sehemu ambayo watu wa miguu wamejaa zaidi, kwa sababu hiyo hiyo kwamba magari yamesimama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, msimamo wangu ni huu. Adhabu kwa dereva anayetumia simu akiwa amesimama kwenye msongamano ni adhabu ya haki. Kusimama si kuegesha. Lakini adhabu ya haki ikitolewa kwa sheria yenye utata, na kwa mkono usioandika risiti, haki hiyo huchachuka kama maziwa juani.

Najua nitapingwa. Acha niyajibu mapingamizi ambayo nimekwisha kuyasikia.

Kwanza, wako wanaosema kwamba M-Pesa ni pesa, na mtu hawezi kukatazwa kulipa. Ni kweli kwamba tangu M-Pesa ianze Machi mwaka wa 2007, simu imekuwa mkoba wa Mkenya. Hata Waingereza, pamoja na ukali wao, katika sheria ya mwaka wa 2022 walimruhusu dereva kulipa kwa simu akiwa dirishani mwa duka la chakula au kwenye kizuizi cha kulipia barabara, mradi gari liwe limesimama na bidhaa anapewa hapo hapo. Lakini dirisha la duka haliko katikati ya barabara kuu, na duka halisimami mbele ya bampa. Tena, siku ile mimi nilikuwa nimeketi kando ya mjomba, mikono mitupu. Angenipa simu nikalipa mimi, maana sheria inamhusu dereva, haimhusu abiria. Nilipomwambia hivyo alicheka akasema kwamba namba yake ya siri hajampa hata mkewe, sembuse mimi! Vyema, mjomba. Basi na tubebe chenji.

Pili, wako wanaowatetea madereva wa teksi. Tangu Uber iingie Nairobi mwaka wa 2015, maelfu ya madereva wanaongozwa na simu: simu ndiyo ramani, simu ndiyo bosi. Hawa nawaonea huruma, na sheria haifai kuwanyang'anya ugali. Lakini simu iliyofungwa kwenye kishikio mbele ya dereva, ikimwonyesha njia bila ya yeye kuigusa, si sawa na simu iliyo mkononi au mapajani. Sheria yaweza kulitenga hili na lile. Hali kadhalika yule mwendeshaji bodaboda ambaye huichomeka simu ndani ya kofia ya chuma, karibu na sikio, akaongea huku akikata kona: yeye hata hajasimama, na tunamtazama kila siku kana kwamba ni jambo la kawaida.

Tatu, wako wanaouliza: je, kukitokea dharura? Mama mjamzito ameshikwa na uchungu, au mbele yako pametokea ajali? Swali hili ni zito, na jibu lake liko. Sheria ya Uingereza humruhusu dereva kupiga namba za dharura ikiwa si salama kwake kusimama kwanza. Nasi tuna namba zetu za 999 na 112. Hakuna askari mwenye utu atakayemshtaki mtu anayeita ambulensi, lakini tusitegemee utu wa askari. Iandikwe.

Nne, na hili ndilo pingamizi kubwa, wako wanaosema kwamba sheria ikikazwa tutakuwa tumewaongezea askari wala rushwa mtego mwingine wa kunasia watu. Naungana nao kwa nusu. Sheria isiyo wazi ndiyo mtego. Siku ile, lau mjomba angejua kwa hakika kwamba amekosa na kwamba faini ni shilingi 2,000, angedai hati na kulipa, au angalau angejua anachokikwepa. Na lau angejua kwa hakika kwamba hajakosa, angesema twende kwa hakimu. Hakujua hili wala lile. Aliinunua hofu yake kwa elfu moja.

Mjomba mwenyewe anadhani kwamba alipata faida. "Niliokoa elfu moja," asema. Jamani, aliokoa nini? Faini ingemwachia karatasi yenye jina lake na kosa lake, ya kumkumbusha kila akifungua pochi. Hongo haikumwachia kitu. Ilimfundisha kuogopa askari, haikumfundisha kuogopa simu. Wiki iliyofuata nilimwona tena akitazama simu kwenye foleni, ila safari hii alitazama kwanza kulia na kushoto kama kuna sare. Hakutazama kama kuna mchuuzi. Huo ndio ubaya wa kitu kidogo: askari amepata, dereva anadhani amepata, na yule ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake, mwenye ndoo ya maji, hakuna aliyemkumbuka.

Basi tufanye nini?

Wanaotunga kanuni waliondoe neno hili lenye sura mbili. Waandike wazi kwamba dereva asishike simu mradi gari liko katika njia ya magari, liwe linakwenda au limesimama, mpaka litoke njiani na kuegeshwa. Waandike pia mambo yanayoruhusiwa: dharura, na ramani iliyo kwenye kishikio. Kisha waitangaze kwa Kiswahili, redioni na kwenye vituo vya matatu, si kwa Kiingereza cha mawakili. Wakenya si wagumu wa kufunzwa. Mwaka wa 2004, wakati wa marehemu Waziri John Michuki, abiria wa matatu walifunga mikanda kote nchini, na hata mtoto mdogo alizijua sheria zile, kwa sababu zilikuwa fupi, zilikuwa wazi, na zilisemwa kwa lugha ya watu.

Askari nao wasitoze bila kuandika. Kosa lisiloandikwa lisihesabiwe kuwa kosa, na dereva aliyeombwa "waelewane" ajue kwamba ana haki ya kudai hati yake.

Na sisi wanafunzi? Tusijitoe. Leo hatuna leseni, lakini ndio abiria, na pengine ndio tunaopiga hizo simu. Ukijua kwamba baba yuko njiani anaendesha, usimpigie kumwuliza amefika wapi, atafika tu. Ukiketi kando ya dereva, mwambie, "Niachie simu, nitakusomea." Ukiwa ndani ya matatu na dereva anaandika ujumbe kwenye taa nyekundu, paza sauti kwa heshima. Unaweza kuitwa mshamba. Afadhali mshamba aliye hai.

Mjomba amenipa ruhusa ya kukiandika kisa hiki, kwa sharti kwamba niandike pia maneno yake, nami ni mtu wa ahadi. Anasema hivi: "Waambie hao wenzako kwamba gari langu lilikuwa limesimama." Nimewaambia. Lakini siku hizi, tukiingia Barabara ya Jogoo, hutoa simu mfukoni akaitia ndani ya kijisanduku cha gari bila kusema neno, na katika kikombe kilicho kando ya gia pamejaa sarafu za shilingi kumi na ishirini za kununulia maji.

Yule kijana mchuuzi nimemwangalia mara nyingi kila tukipita pale. Bado sijamwona.